Raba za Kukimbilia, za Kuvalia na za Kutunza: Mwongozo wa Kuchagua na Kukusanya

Mpenzi wa raba ana haja tatu ambazo ni rahisi kuchanganyika. Anataka kiatu cha kukimbilia kisichomuumiza, anataka kiatu cha kuvaa kutwa nzima bila miguu kulalamika, na anataka jozi kadhaa za kutunza kwa sababu ya historia yake, rangi zake au ustadi wa aliyezibuni. Hasara nyingi huanza pale jozi moja inapotwishwa kazi ya nyingine. Raba ya mpira wa kikapu iliyobuniwa mwaka 1985 inapendeza machoni, lakini soli yake haikutengenezwa kwa ajili ya kukimbia kilomita kumi barabarani; na kiatu cha mashindano chenye bamba la kaboni, yaani bamba gumu lililofichwa ndani ya soli, kikivaliwa kila siku kwenda kazini, huchakaa kabla hakijafanya kazi kilichonunuliwa kuifanya. Mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja ninaouamini: wayo kwanza, kisha kazi ya kiatu, kisha malighafi yake, na umaarufu wa jozi uje mwisho.

Hatua ya 1: Pima nyayo zako upya

Watu wengi hununua viatu kwa kutaja saizi waliyoizoea tangu ujanani, ilhali wayo wa mtu mzima hauachi kubadilika. Kano zinazoshikilia uvungu wa wayo hulegea kadiri umri unavyosonga, uzito ukiongezeka wayo hutanuka, na ujauzito unaweza kuurefusha wayo kwa namna isiyorudi nyuma. Kwa hiyo usiiamini namba ya zamani. Pima, na upime jioni, kwa kuwa nyayo hujaa kidogo baada ya kubeba mwili kutwa nzima, na mkimbiaji naye nyayo zake hujaa vivyo hivyo akiwa njiani.

Vaa soksi utakazozitumia na kiatu hicho. Laza karatasi kwenye sakafu ngumu, ukingo wake mmoja ukigusa ukuta, kisha simama juu yake kisigino kikiwa kimegota ukutani na uzito wa mwili ukiwa umegawanyika sawasawa kwenye miguu yote miwili. Mwombe mtu mwingine akuchoree alama, kwa sababu ukiinama kujichorea mwenyewe uzito unahama na umbo la wayo linabadilika. Kalamu isimame wima. Ikilala upande wa ndani itaufanya wayo uonekane mwembamba kuliko ulivyo. Pima urefu kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kirefu zaidi, ukikumbuka kwamba kwa baadhi ya watu kidole hicho si kidole gumba bali ni cha pili. Kisha pima upana pale palipopanuka zaidi, yaani kati ya kifundo cha kidole gumba na kile cha kidole cha mwisho. Rudia kwa mguu wa pili. Ni jambo la kawaida miguu kupishana kwa milimita kadhaa, na kiatu huchaguliwa kwa kufuata mguu mkubwa.

Vipimo hivyo ndivyo vitakavyokuongoza katika msitu wa saizi. Mfumo wa Ulaya hupanda kwa theluthi mbili za sentimita kutoka namba moja hadi inayofuata, na huhesabu urefu wa kalibu, yaani umbo la mfano wa mguu ambalo kiatu huundwa juu yake, si urefu wa wayo wenyewe. Mfumo wa Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, takriban milimita 8.5, na wa Marekani hupanda kwa hatua hiyo hiyo lakini huanzia mahali pengine. Tena Marekani ina orodha mbili, ya wanaume na ya wanawake, ambapo kwa chapa nyingi namba ya wanawake huzidi ya wanaume kwa 1.5. Japani hutumia sentimita, na kwa maoni yangu huo ndio mfumo ulio wazi kuliko yote. Chukua mfano wa wayo wenye sentimita 26: ukiuongezea sentimita 1.5 za nafasi unapata 27.5, na ukigawa kwa theluthi mbili unaangukia karibu na 41 ya Ulaya. Hesabu hii itakufikisha jirani na saizi yako, ila haitamaliza kazi, kwa maana kila chapa ina kalibu zake, na 41 ya kampuni moja inaweza kuwa pana mbele na nyembamba kisiginoni kuliko 41 ya kampuni nyingine. Andika vipimo vyako kwa sentimita na uvihifadhi kwenye simu, kwa sababu ukinunua kupitia intaneti ndivyo pekee vitakavyokusaidia kulinganisha jedwali la chapa moja na la nyingine.

Hatua ya 2: Jua kiatu kimeundwa na nini

Raba ya kisasa ina tabaka kadhaa. Chini kabisa kuna soli ya mpira inayogusa ardhi. Juu yake kuna sponji ya katikati, ambayo ndiyo inayopokea kishindo. Ndani kuna soli nyembamba ya kukanyagia, ambayo aghalabu huweza kutolewa. Kisha kuna sehemu ya juu inayoufunika mguu, ambayo yaweza kuwa ngozi, suedi (ngozi yenye uso kama mahameli), turubai au kitambaa chenye matundu kama wavu. Mkusanyaji na mkimbiaji wote wanapaswa kuielewa sponji ya katikati, kwa sababu faraja ya kiatu na umri wake vyote viko humo.

Sponji iliyoenea zaidi ni ile inayofahamika kwa kifupi chake, EVA, iliyoingia katika viatu vya kukimbilia katika miaka ya 1970. Ni nyepesi, inapokea kishindo vizuri na haihitaji gharama kubwa kutengeneza, ila baada ya matumizi marefu vijishimo vyake vya hewa hubonyea na havirudi, nayo hubaki imekufa chini ya mguu ingawa kwa nje inaonekana nzima. Poliyurethani ni nzito zaidi na huvumilia mgandamizo kwa muda mrefu, ndiyo maana ilipendwa sana katika raba za miaka ya 1980 na 1990, lakini ina adui mmoja ambaye mkusanyaji hana budi kumfahamu, nitakayemweleza kwa kirefu kwenye hatua ya kuhifadhi. Mwaka 2013 Adidas ilileta Boost, sponji iliyoundwa kwa punje za plastiki aina ya TPU zilizovimbishwa na kuunganishwa, ambayo hurudisha umbo upesi na haibadiliki sana katika baridi. Viatu vya mashindano vya siku hizi hutumia zaidi sponji za jamii ya PEBA, nyepesi mno na zenye kurusha mguu, ingawa nyingi kati ya hizo hazidumu kama zile za kawaida.

Ulaini pekee si faraja. Sponji laini kupita kiasi humeza mguu, humfanya mvaaji ayumbe, na misuli midogo ya kifundo hufanya kazi ya ziada ya kumsimamisha. Kiatu kinachokufurahisha kwa dakika mbili za kwanza dukani chaweza kukuchosha saa nne baadaye.

Hatua ya 3: Jaribu kiatu kabla ya kukilipia

Nenda dukani jioni ukiwa na soksi zako, na ikiwezekana ubebe kiatu chako cha zamani. Soli iliyolika humweleza muuzaji mjuzi mambo mengi kuhusu namna unavyokanyaga.

Anza kwa kuitoa soli ya ndani na kusimama juu yake sakafuni. Kama nyama ya wayo inamwagika nje ya kingo zake, kiatu hicho ni chembamba kwako, na hakuna kuzoea kutakakokitanua vya kutosha. Kama kidole chako kirefu kinafika ukingoni mwa mbele, ni kifupi. Jaribio hili huchukua nusu dakika na limewaokoa watu wengi kuliko maelezo yote ya kwenye boksi. Baada ya hapo ingiza mkono ndani ya kiatu upapase mishono yote, hasa nyuma ya kisigino na pale sehemu ya juu inapojikunja juu ya vidole, kwa kuwa kijishono kigumu unachokihisi kwa ncha ya kidole ndicho kitakachokuwa lengelenge.

Kisha kishike kiatu kwa mikono miwili ukikunje. Kinapaswa kukunjika pale vidole vinapoanzia, ambapo mguu nao hukunjika. Kikikunjika katikati ya uvungu, kiweke chini. Viatu vyenye bamba gumu haviingii katika kipimo hiki, kwani vimetengenezwa visikunjike. Bana sehemu ya kisigino: iwe imara kiasi, isije ikalala kabisa, lakini ukingo wake wa juu usichimbe kano ya kisigino.

Vaa viatu vyote viwili, funga kamba kama utakavyozifunga siku zote, usimame. Mbele ya kidole kirefu pawe na nafasi ya kama sentimita moja kwa kiatu cha kila siku, na upana wa kidole gumba cha mkono kwa kiatu cha kukimbilia, kwa sababu mguu husogea mbele kwa kila hatua na zaidi mno unapoteremka mlima. Kucha zinazogeuka nyeusi kwa wakimbiaji mara nyingi hutokana na ukosefu wa nafasi hiyo. Tembea, kimbia kidogo kama duka linaruhusu, panda na kushuka ngazi. Usikubali kauli kwamba kiatu kitalegea chenyewe kadiri unavyokivaa. Ngozi hulegea kidogo. Kitambaa cha kisasa na sponji havilegei kwa kiwango cha kuokoa saizi iliyokosewa.

Hatua ya 4: Chagua kiatu cha kukimbilia

Kwa miaka mingi wauzaji walimtazama mteja uvungu wa wayo, wakamwambia kwamba mguu wake unalalia ndani au nje, kisha wakampa kiatu cha kuurekebisha. Mantiki yake inavutia, lakini ushahidi haukuiunga mkono ipasavyo. Tafiti zilizofanywa kwa wanajeshi wa Marekani waliokuwa katika mafunzo ya awali, ambapo kundi moja lilipewa viatu kwa kufuata umbo la wayo na jingine likapewa aina moja ya kiatu bila kujali umbo hilo, hazikuonyesha tofauti ya maana katika majeraha. Mwaka 2015 Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, pamoja na wenzake, walitoa hoja kwamba mwili wenyewe huchuja: mkimbiaji anapochagua kiatu anachokihisi kuwa cha raha, anachagua kile kinachoruhusu viungo vyake vitembee katika njia vilivyoizoea. Nauchukua msimamo huo kuwa kanuni ya kwanza ya ununuzi. Jaribu jozi tatu au nne zinazotosha, kimbia katika kila moja, na uchague ile unayoisahau mguuni. Mwenye maumivu ya kudumu, mwenye jeraha la zamani au mwenye kisukari aanze kwa daktari, si kwa muuzaji.

Kipimo kingine chenye athari halisi ni tofauti ya kimo kati ya kisigino na sehemu ya mbele. Viatu vya kukimbilia vya kawaida huwa na tofauti ya milimita 8 hadi 12. Vingine vina 4 hadi 6, na vingine havina kabisa. Kisigino kikiinuka, mzigo hupungua kwenye kano ya kisigino na misuli ya shavu la mguu, na huongezeka kwenye goti. Kikishuka, mambo hugeuka. Hakuna kimo kilicho bora kwa watu wote. Hatari iko katika kuhama ghafla, hasa kutoka kisigino kirefu kwenda kifupi. Anayehama akivae kiatu kipya kwa matembezi kwanza, kisha kwa mbio fupi mara moja au mbili kwa wiki, huku mbio ndefu akiendelea nazo katika kiatu cha zamani, hadi asubuhi atakapoamka bila mkazo kwenye kano.

Angalia pia mahali unapokimbilia. Barabara ya lami inataka mpira laini na meno mafupi. Njia za udongo na mawe zinataka meno marefu, mpira unaong'ang'ania na kinga mbele ya vidole. Kiatu cha njia za milimani kikikimbizwa kwenye lami humaliza meno yake upesi.

Kuhusu viatu vyenye bamba la kaboni, dunia nzima iliviona tarehe 12 Oktoba 2019 huko Vienna, Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 akiwa amevaa kiatu cha majaribio cha Nike. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa mwaka 2020, Shirikisho la Riadha Duniani liliweka mipaka: soli ya kiatu cha barabarani isizidi milimita 40, na kisiwe na zaidi ya bamba moja. Viatu hivi vya bamba ni vyombo vya siku ya mashindano na mazoezi machache ya kasi. Ugumu wake hubadilisha namna wayo unavyofanya kazi, na anayeanza kukimbia hapati faida anayoitarajia. Inafaa pia kukumbuka kwamba Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 akiwa pekupeku, kisha akaishinda tena Tokyo mwaka 1964 akiwa na viatu. Kiatu husaidia, lakini mbio ni za miguu.

Ukiweza, kuwa na jozi mbili za mazoezi zenye sponji na vimo tofauti, uzivae kwa zamu. Utafiti mmoja uliofanyika Luxembourg ukiwafuatilia wakimbiaji 264 uligundua kwamba waliotumia jozi zaidi ya moja kwa kupokezana walikuwa na hatari ya majeraha iliyo chini kwa asilimia 39. Maelezo yanayokubalika ni kwamba kila kiatu huhamisha mzigo kidogo kwenda mahali pengine, hivyo hakuna kano wala mfupa mmoja unaopigwa kwa namna ile ile kila siku.

Hatua ya 5: Chagua kiatu cha kila siku

Hapa watu wengi hununua kwa macho tu. Anayesimama kutwa nzima, kama vile mwalimu, muuguzi au mhudumu wa dukani, anahitaji sponji yenye ugumu wa wastani, soli pana inayotulia chini, na nafasi ya vidole kutandazika. Kiatu chenye ncha nyembamba hukisukuma kidole gumba kuelekea vidole vingine, na kwa aliye na mwelekeo wa tatizo hilo, kifundo huvimba na kuanza kuuma. Raba za ngozi za mtindo wa uwanja wa tenisi au mpira wa kikapu hudumu na husafishika kwa urahisi, lakini nyingi zina soli bapa na ngumu. Zinafaa kwa saa chache, na kwa safari ndefu ya miguu ni heri kuvaa kiatu cha kukimbilia. Vilivyochakaa kidogo kwa mbio bado hutembea vizuri.

Usivae jozi moja siku mbili mfululizo kama una nyingine. Mguu hutoa jasho jingi, na kiatu kinahitaji kama siku nzima kukauka hadi ndani. Hilo peke yake hupunguza harufu kuliko unga wowote.

Hatua ya 6: Funga kamba kwa kufuata mguu

Kisigino kikipwaya katika kiatu kinachotosha mbele, tumia tundu la mwisho la juu ambalo wengi huliacha: pitisha kila kamba katika tundu hilo upande wake ule ule ili itokee kitanzi, kisha pitisha kila ncha katika kitanzi cha upande wa pili, vuta kuelekea chini na ufunge. Mguu ulio na mgongo ulioinuka, unaobanwa juu, hupata nafuu kamba zikiachwa zipande wima bila kukatiza pale panapouma.

Hatua ya 7: Anza mkusanyiko kwa kuchagua uzi mmoja

Mkusanyiko wenye maana hujengwa juu ya swali. Anayenunua kila jozi inayozungumziwa hujaza chumba upesi, na baada ya miaka michache anashindwa kueleza kwa nini jozi fulani iko pale. Chagua uzi mmoja uufuate.

Waweza kufuata mchezo. Uzi wa mpira wa kikapu huanza na Converse All Star ya mwaka 1917, raba ya turubai yenye soli ya mpira, iliyowezekana kwa sababu Charles Goodyear alikuwa amepata hataza ya kuuimarisha mpira kwa joto na salfa mwaka 1844. Ukiendelea mbele unakutana na Adidas Superstar ya 1969, raba ya ngozi yenye kile kifuniko cha mpira chenye umbo la ganda la kombe mbele ya vidole, kisha Nike Air Force 1 ya 1982, iliyobuniwa na Bruce Kilgore, halafu Air Jordan 1 ya 1985, kazi ya Peter Moore. Ukiziweka jozi hizo nne pamoja, mtu yeyote ataona kwa macho yake jinsi kiatu kilivyotoka kwenye turubai hadi kwenye ngozi, na jinsi jina la mchezaji lilivyokuja kuwa na uzito kuliko la mchezo.

Waweza kufuata mbunifu. Tinker Hatfield alisomea usanifu wa majengo kabla ya kubuni viatu, na Air Max 1 ya mwaka 1987 inaonyesha hilo waziwazi: alitoboa dirisha kwenye soli ili mfuko wa hewa uonekane, akiwa amevutiwa na jengo la Centre Pompidou la Paris lililoweka mabomba yake nje. Au waweza kufuata mji. Katika mji mdogo wa Herzogenaurach, Ujerumani, ndugu wawili wa ukoo wa Dassler waliokuwa na kampuni moja waligawanyika, Rudolf akasajili Puma mwaka 1948 na Adolf akasajili Adidas mwaka 1949. Uhasama wao umezaa mkusanyiko wa kutosha maisha ya mtu mmoja.

Jifunze pia daraja za jozi. Toleo la awali ni lile lililotoka mara ya kwanza. Toleo la marudio ni muundo uleule uliotengenezwa tena miaka ya baadaye, mara nyingi kwa vifaa tofauti. Toleo la ushirikiano hubuniwa na kampuni pamoja na msanii au duka. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni toleo la marudio katika saizi yake mwenyewe. Linavalika, linafundisha umbo, na likichakaa hujapoteza kipande cha historia.

Hatua ya 8: Hakiki jozi kabla ya kuinunua

Bandia zimekuwa nzuri kiasi kwamba alama moja haitoshi. Kusanya alama nyingi. Linganisha namba ya muundo iliyo kwenye lebo ya ndani ya kiatu na ile iliyo kwenye boksi: herufi na tarakimu zote zilingane, na zilingane pia na rangi unayoiona. Lebo za kampuni nyingi huonyesha nchi ya utengenezaji, na nyingine huonyesha hata tarehe. Tarehe ikiwa ya kabla au baada ya muda ambao toleo hilo lilitengenezwa, acha. Tazama mishono: iwe na nafasi sawa, isikate kona kiholela, na kiatu cha kushoto kifanane na cha kulia. Simamisha viatu kwenye meza na uvitazame kwa nyuma, maana umbo la kisigino ndilo linalowashinda waigaji mara kwa mara. Ukinunua kutoka mbali, dai picha za lebo, soli, ndani ya ulimi na kisigino zilizopigwa siku hiyo, na ulipe kwa njia inayokuruhusu kudai fedha zako zikirejeshwa.

Kwa jozi ya zamani, ongeza swali moja ambalo ni muhimu kuliko yote: sponji yake ni ya aina gani, na ina umri gani?

Hatua ya 9: Hifadhi kwa kuzijua adui zake

Adui wa poliyurethani ni unyevu. Molekuli za maji zilizo hewani huingia ndani ya sponji na kuvunja minyororo inayoishikilia, polepole, mwaka baada ya mwaka, hata kama kiatu hakijawahi kugusa ardhi. Kwa nje rangi bado inang'aa. Ukibonyeza ubavu wa soli kwa kidole gumba, alama haijai tena, kisha mpasuko mwembamba hujitokeza chini ya rangi, na mvaaji akipiga hatua chache soli humeguka vipande vipande kama mkate mkavu. Raba nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zenye sponji hii hazivaliki tena leo. Mchakato huu hauzuiliki kabisa, ila huweza kucheleweshwa.

Weka jozi mahali pakavu, penye ubaridi wa wastani na penye kiza. Chumba cha ndani ni bora kuliko stoo ya nje au chini ya paa, ambako joto hupanda na kushuka. Vipakiti vya silika vinasaidia kunyonya unyevu, lakini visizidishwe karibu na ngozi, kwa sababu ngozi ikikauka mno hupasuka. Usifunge viatu katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa kabisa ikiwa ndani yake kuna unyevu tayari. Utakuwa umemfungia adui ndani. Jaza mbele ya kiatu kwa karatasi nyeupe isiyo na wino ili umbo lisiporomoke. Mwanga wa jua nao hugeuza soli nyeupe na zile zinazopenya nuru kuwa za manjano, hivyo rafu ya kioo inayotazama dirisha inapendeza lakini inaharibu.

Andika kwenye daftari au jedwali: jina la muundo, namba yake, mwaka wa kutengenezwa, aina ya sponji, siku ulipoinunua na siku ulipoikagua mara ya mwisho. Kagua kila baada ya miezi michache, na jozi unazotaka kuzivaa zivae. Wakusanyaji wengi huamini kwamba sponji inayobonyezwa mara kwa mara huishi muda mrefu kuliko iliyolala, na hata mtu akilitilia shaka hilo, kuivaa jozi humwezesha kuona mapema gundi inapoanza kuachia.

Hatua ya 10: Safisha, kisha jua wakati wa kuachana nacho

Toa kamba na soli za ndani. Ondoa vumbi kwa brashi laini kikavu kwanza, kisha tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo isiyo kali, ukisugua sehemu ndogo ndogo na kufuta povu kwa kitambaa. Suedi haitaki maji mengi. Tumia brashi yake na kifutio. Dawa ya klorini huacha kitambaa cheupe kikiwa cha manjano. Kausha kivulini penye hewa, ukiwa umejaza karatasi ndani, na kamwe usianike karibu na moto, kwa kuwa joto hulegeza gundi na kukunja sponji.

Kiatu cha kukimbilia kwa kawaida hutumika kwa kilomita 500 hadi 800, kutegemea uzito wa mkimbiaji, njia anazopita na aina ya sponji. Andika tarehe ya kuanza kukitumia kwa kalamu ya wino chini ya soli ya ndani. Usisubiri mpira wa chini uishe, kwani sponji hufa kabla yake. Weka kiatu mezani ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, au ubavu wa sponji ukiwa umejaa mikunjo isiyofunguka, au maumivu madogo ya goti na muundi yakianza bila sababu nyingine, kihamishie kwenye matembezi. Jozi ya mkusanyiko ambayo soli yake imemeguka huweza kubadilishiwa soli na fundi mzoefu kwa kutumia soli ya toleo jipya la muundo huo huo. Kama sehemu ya juu nayo imeoza, hifadhi lebo, kamba na soli za ndani, kwa sababu wakusanyaji wengine huzitafuta kukamilisha jozi zao.